Mapambo ya Mkono ya Sikukuu ya Noeli, na Asili Yake katika Nyumba za Watoto

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini mwezi wa Desemba ni mwezi wa giza. Jua huchelewa kuchomoza na huwahi kutua, miti mingi imepukutika majani, na bustanini hamna ua hata moja la kuchuma. Mtu wa pwani yetu atakaye kupamba nyumba kwa ajili ya arusi au sikukuu hutoka nje akachuma asumini na rehani, akakata makuti mabichi akayapasua na kuyafunga mlangoni, na kazi yake imekwisha. Mtu wa kaskazini hana hayo. Basi ikawa desturi yake kufanyiza kwa mikono vitu ambavyo ardhi imemnyima: maua ya karatasi, nyota za mabua ya ngano, minyororo ya karatasi za rangi, na taa za kila namna. Habari za vitu hivyo ni nyingi, na nyingine ni hadithi zilizotungwa baadaye na wafanya biashara. Wala hatukusudii kuzikusanya zote hapa. Twataka kueleza vitu vitatu tu, yaani mshumaa wenye utepe mwekundu, nyota ya karatasi, na shada la mishumaa. Tumevichagua hivi kwa sababu asili yake yajulikana, tena kwa sababu vyote vitatu vilitokea mahali pa namna moja, mahali ambapo msomaji hangepadhania: palipokaa watoto wasiokuwa na wazazi wao karibu.

Hatuna budi kuanza na kijiji cha Herrnhut, katika Saxony ya Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Udachi. Mwaka 1722 wakimbizi waliotoka Moravia kwa sababu ya kuteswa kwa ajili ya dini yao walifika katika shamba la bwana mmoja mkubwa, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, naye akawapa ruhusa kujenga. Jina la Herrnhut maana yake ni ulinzi wa Bwana. Wafuasi wa ushirika ule ndio waitwao Ndugu, au Wamoravian, nao si wageni kwa wasomaji wa Tanganyika ya zamani, maana walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1898 wakapokea kazi ya Urambo katika Unyamwezi.

Watu hao walikuwa maskini, na karamu zao zilikuwa za kimaskini. Tarehe 13 Agosti 1727, baada ya ibada iliyowagusa sana mioyo, walikaa vikundi vikundi wakizungumza, hawakutaka kuachana. Naye Zinzendorf akaagiza chakula kitoke nyumbani mwake kiwafikie huko huko walikokaa. Kutokana na siku ile ikawa desturi waiitayo karamu ya upendo: mkate mdogo mtamu na kikombe cha chai au kahawa, huku watu wakiimba. Twaomba msomaji aangalie jinsi mambo haya yalivyopangwa, kwani hapa ndipo penye akili ya karamu isiyo na gharama. Kila mtu hupewa mkate wa ukubwa mmoja na kikombe cha kipimo kimoja. Hakuna meza ya wakubwa na meza ya wadogo, wala hakuna anayengoja mabaki. Aliye na ng'ombe ishirini na asiye na kuku hata mmoja hula sawasawa. Katika mji wa Winston-Salem, jimbo la North Carolina katika Marekani, ambako Ndugu walijenga Salem tangu mwaka 1766, karamu hiyo hufanywa hata leo usiku wa kuamkia Noeli, kwa mikate mitamu na kahawa iliyokwisha kutiwa maziwa na sukari. Mgeni asiyejulikana na mtu yeyote aingia, akaketi, akapokea sehemu yake. Sisi tuliozoea karamu ambazo mwenye nyumba hukopa ili asiaibike mbele ya wageni twaweza kuutazama utaratibu huu kwa wivu kidogo.

Sasa na tuujie mshumaa. Katika makao ya Ndugu wa zamani zile watoto wengi walilelewa pamoja katika nyumba za watoto, maana wazazi wao walikuwa katika kazi na safari za ushirika. Tarehe 20 Desemba 1747, mahali paitwapo Marienborn, Johannes de Watteville alifanya ibada ya watoto. Akawasomea beti walizozitunga wenyewe, akawaeleza habari za moto uwashwao moyoni na Yule aliyezaliwa, kisha akampa kila mtoto mshumaa mdogo uliowashwa, umefungwa utepe mwekundu. Hayo tu. Hakuwapa nguo, wala vikaragosi, wala peremende. Watoto wakaenda vyumbani mwao usiku na mishumaa yao ikiwaka, nasi twaweza kuwaza furaha ya mtoto aliyezoea kuongozwa gizani na taa ya mkubwa, leo ameshika taa yake mwenyewe.

Desturi hiyo ilisafiri pamoja na Ndugu, na kila ilipofika ilivaa nguo za nchi. Huko Salem mishumaa hutengenezwa kwa nta ya nyuki, na mahali pa utepe huvishwa marinda ya karatasi nyekundu. Marinda yale si pambo tu, bali huzuia nta ya moto isimwagikie vidole. Katika Labrador, nchi ya theluji ambako Ndugu walianza kazi kati ya Wainuit mwaka 1771, hapakuwa na kinara cha kumtosha kila mtoto. Wakachukua mizizi minene ya bustanini, jamii ya figili, waliyoilima katika kiangazi chao kifupi, wakaitoboa juu, wakasimika mshumaa ndani yake. Baadaye, matofaa yalipopatikana, wakatumia tofaa. Mtoto alipomaliza kuimba na mshumaa ukaisha, alikula kinara chake. Katika hesabu zote za mapambo tuzijuazo hatujaona jingine lisiloacha takataka kama hili.

Katika Uingereza jambo hili lilichelewa kuenea nje ya makanisa ya Ndugu. Mwaka 1968 shirika moja la kutunza watoto wenye shida lilianza kulitumia katika Kanisa la Kiingereza ili kuchanga fedha, na sasa hutumia chungwa: chungwa lenyewe ni dunia, utepe mwekundu umelizunguka, mshumaa umesimama katikati, na vijiti vinne vyenye zabibu kavu au peremende ni majira manne ya mwaka pamoja na matunda ya nchi. Waingereza wakiita kitu hiki Christingle. Wajuzi wa lugha hawapatani juu ya asili ya neno hilo. Wengi hufikiri limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya Mtoto Kristo. Sisi twaona maelezo yale ya chungwa ni mazuri kwa kufundishia, walakini ni mengi mno. De Watteville alitia maana moja katika kitu kimoja, na watoto wakaikumbuka.

Mwaka ule ule wa 1747 katika Bethlehem ya Pennsylvania, mji uliopewa jina lake mkesha wa Noeli wa mwaka 1741 Zinzendorf mwenyewe akiwapo, Ndugu walifanyiza piramidi za mti, wakazifunika matawi mabichi, wakaweka mishumaa, na ile kubwa wakaitundika matofaa na karatasi zilizoandikwa beti nzuri. Waliziweka hizo kwa ajili ya watoto. Katika nyumba za mji huo ikakua desturi ya kupanga juu ya meza mfano wa hori na wachungaji, pamoja na kuvumwani, mawe na vipande vya magome vilivyookotwa msituni. Huiita putz, na neno hili latokana na Kijerumani, maana yake kupamba. Ni sawa kabisa na Kiswahili chetu, ambacho kutoka kwa kupamba hupata pambo. Lakini huko Pennsylvania neno limejifunga kwa kitu kimoja tu, nalo likaacha maana zake nyingine, kama lifanyavyo neno likisafiri mbali na ndugu zake.

Nyota ndiyo tutakayoikalia zaidi. Si mbali na Herrnhut pana mji uitwao Niesky, uliojengwa na wakimbizi wa Bohemia tangu mwaka 1742. Jina lake ni la Kicheki, maana yake chini, au nyenyekevu. Hapo Ndugu walikuwa na shule ya bweni ya wavulana. Mwanzoni mwa Januari 1821 shule ilikuwa ikisherehekea miaka 50, na katika sherehe hizo ilitundikwa nyota kubwa ya karatasi iliyowashwa taa ndani, yenye ncha 110. Nyota ya namna hiyo haikutoka katika chumba cha mapambo, bali katika chumba cha hesabu. Mwalimu aliyetaka wavulana waelewe maumbo yenye nyuso nyingi hakutosheka na kuyachora ubaoni. Aliwapa karatasi nene, kipimo, mkasi na gundi, akawaambia wayajenge.

Umbo lililoshinda mengine likaendelea kufanyizwa mpaka leo ni lile la ncha 25, nalo lafaa kuelezwa, maana mtu akilielewa aweza kulitengeneza hata penye uhaba. Chukua mfano wa sanduku lililo sawa pande zote. Sanduku hilo lina nyuso 6, mapindo 12, na kona 8. Sasa kata kila pindo liwe mraba badala ya ukingo mkali, na kila kona iwe pembetatu yenye pande sawa. Utapata umbo lenye miraba 18, yaani zile nyuso 6 pamoja na mapindo 12, na pembetatu 8. Jumla yake 26. Mraba mmoja wa juu uachwe wazi kwa kupitisha taa na kamba. Ilibaki miraba 17 na pembetatu 8, na juu ya kila moja husimikwa ncha ndefu ya karatasi, zile za miraba zikiwa na pande nne, na zile za pembetatu zikiwa na pande tatu. Hizo ndizo ncha 25. Siri yote i katika kipimo: upande wa chini wa kila ncha lazima ulingane na wenzake wote, kwani kosa la unene wa kucha katika ncha ya kwanza huwa pengo la kidole katika ncha ya mwisho. Mwalimu hakuwa na haja ya kumkaripia mwanafunzi mvivu. Nyota ilimkaripia.

Karatasi iwe nyembamba ya kupitisha nuru, wala isiwe nyembamba ya kujikunja kwa unyevu. Gundi ya unga uliopikwa yatosha. Zamani walitia taa yenye moto, na hapo palikuwa na hatari iliyo wazi. Mtu wa leo atumie taa ndogo ya umeme isiyopata joto, au aitundike nyota dirishani bila taa, mwanga wa mchana uipite.

Lakini tusiseme habari za karatasi tukasahau mikono iliyoikunja. Wengi wa watoto waliosoma katika shule za bweni za Ndugu walikuwa watoto wa wamisioni. Wazazi wao walikuwa Labrador, Greenland, Suriname, Afrika ya Kusini, na baadaye Unyakyusa na Unyamwezi. Mtoto alipofikia umri wa kwenda shule alipelekwa Ulaya, akakabidhiwa kwa shule, na wazazi wakarudi kazini. Barua zilisafiri kwa miezi. Baba aliyeagana na mtoto wa miaka saba alimkuta kijana mwenye ndevu, au hakumkuta tena. Desturi ikawa kwamba Jumapili ya kwanza ya Majilio watoto hukaa pamoja, kila mmoja na karatasi zake, wakatengeneza nyota na kuitundika chumbani mwao. Walioeleza jambo hili husema kwamba ilikuwa faraja yao, kwani mama aliye ng'ambo alijua siku ile mwanawe anafanya nini.

Twaamini kwamba ilikuwa faraja. Walakini twaona si haki kuisifu nyota bila kutaja bei yake. Vitabu vya misioni vimesimulia sana taabu za wazazi, za homa na njaa na safari, na taabu hizo zilikuwa za kweli. Lakini mzazi alichagua njia yake. Mtoto hakuchagua. Mapokeo yenyewe yalimtwika mtoto mzigo, kisha yakampa karatasi na gundi ili aubebe vizuri. Wazee wetu wengi nao waliwatoa watoto wao kwenda kulelewa kwa shangazi au nyanya, lakini huko mtoto alibaki kwa watu wa damu yake na wa lugha yake. Mtoto aliyezaliwa Rungwe akalelewa na yaya Mnyakyusa, akasema Kinyakyusa kabla ya Kijerumani, akipelekwa Saxony alipoteza wazazi na lugha katika safari moja. Anayetaka kujua kwa nini nyota hii imependwa mno na waliokulia katika shule zile, ingawa ni karatasi tu, hapana shaka ataanzia hapo.

Mambo ya baadaye ni ya biashara, nasi tutayapita upesi. Mtu mmoja wa Ndugu, Pieter Hendrik Verbeek, aliyekuwa na duka la vitabu katika Herrnhut, alianza kuziuza nyota, na mwaka 1897 akabuni ya kwanza iliyoweza kufunguliwa na kufungwa, yenye mwili wa bati ambao ncha za karatasi zilipenyezwa juu yake. Tangu hapo nyota iliweza kutumwa kwa posta ndani ya sanduku. Mwaka 1925 ikafanywa kampuni, na nyota isiyohitaji mwili wa bati, ncha zake zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Baada ya vita ya pili ya dunia kazi hiyo ilichukuliwa na serikali ya Ujerumani ya Mashariki kwa miaka kadhaa, kisha ikarudishwa kwa shirika la Ndugu. Hata sasa kazi kubwa ya kukunja na kugundisha hufanywa kwa mkono.

Kitu cha tatu ni shada la mishumaa, nalo halikutoka kwa Ndugu. Tarehe 12 Septemba 1833 Johann Hinrich Wichern alifungua makao ya watoto nje ya mji wa Hamburg, yaitwayo Rauhes Haus. Watoto hao walitoka katika vichochoro vya umaskini. Wengine walikuwa wezi wadogo, wengine walitupwa. Hakuwafungia nyuma ya ukuta, bali aliwagawanya katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na nyumba yake na mlezi wake. Desemba ilipofika watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku: Zimebaki siku ngapi? Mwaka 1839 Wichern akachukua gurudumu la gari, akalitundika katika chumba cha sala, akalizungushia mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4. Kila siku waliwasha mmoja zaidi, na siku ya Jumapili ule mkubwa. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba. Basi tangu siku ile mpaka mkesha wa Noeli ni siku 24, na hesabu ya mishumaa ni kamili. Mtoto aliyeweza kuhesabu mishumaa isiyowashwa hakuwa na haja tena ya kuuliza.

Matawi mabichi yalitiwa baadaye, na watu wa mijini wasioweza kununua mishumaa ishirini na minne wakaacha midogo yote wakabakiza ile minne ya Jumapili. Hivyo ndivyo ijulikanavyo leo duniani. Katika mwaka 1925 makanisa ya Kikatoliki ya Köln yalianza kuipokea desturi hii, na tangu hapo watu hawaulizi tena ilitoka kwa nani. Twasikitika kidogo kwamba gurudumu limesahauliwa. Shada la maua hufaa popote, hata kaburini. Lakini gurudumu la gari bovu, lililookotwa uani na kufanywa kalenda ya watoto wasio na kalenda, lilikuwa na akili ya mahali pake.

Wajerumani hutumia neno moja, Kranz, kwa kila kitu cha mviringo kilichofungwa kwa majani au maua. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kivaliwacho kichwani ni taji. Kivaliwacho shingoni ni koja. Kishikwacho mkononi au kuwekwa juu ya kitu ni shada. Na kile cha nguo au majani kiwekwacho kichwani chini ya mtungi ni kata. Mfasiri aandikapo taji la Majilio huwafanya wasikilizaji watafute kichwa cha kuvikwa. Sisi tumetumia shada. Lakini tulipowaeleza wazee habari za gurudumu lile la Hamburg, lililotundikwa kwa kamba darini likiwa na taa pande zote, walitukumbusha kwamba pwani lipo jina la taa zitundikwazo darini msikitini na katika nyumba za wakubwa, nalo ni thuraya, ambalo kwa Kiarabu ni jina la kundi la nyota, zile ambazo mkulima wa Kiswahili huziita kilimia.